Kumtafuta kaka yake nyanya kwenye sensa

Sikuwa nimelala, nilikuwa namtafuta mtu.

Nyanya yangu wa Kanja, kule Embu, alikuwa na kaka aliyekwenda Nairobi kutafuta kazi kabla ya Hali ya Hatari ya 1952. Hakurudi. Nyanya sasa ni mkongwe, na kila nikienda kumwona huniuliza: "Hiyo mashine yako haijui alikofia?"

Mimi mwandika programu nilidhani ni kuandika jina na kubofya tu. Waingereza ndivyo wafanyavyo: karatasi zao za sensa ya 1921, zenye majina ya watu nyumba kwa nyumba, zilifunguliwa Januari 2022. Marekani husubiri miaka 72 tu, hivyo za 1950 zilitoka Aprili 2022. Haya, na sisi je?

Sensa ya kwanza iliyojaribu kuwahesabu Waafrika wote wa Kenya ilifanywa 1948. Kabla ya hapo serikali ya kikoloni ilikuwa ikikisia, mara nyingi kwa vitabu vya kodi ya vibanda. Matokeo ya 1948 ni watu kama milioni 5.4. Kaka yake nyanya ni mmoja wao, lakini kwenye majedwali hana jina. Zikaja sensa za 1962 na 1969, kisha kila baada ya miaka kumi, na Sheria ya Takwimu ya 2006 inalinda siri za kila aliyehesabiwa. Mwaka 2019 makarani walikuja na vishikwambi, wakapata watu 608,599 Kaunti ya Embu. Nyanya yumo. Kwa kweli siipingi sheria hiyo, maana nimeona jinsi data za watu zinavyotupwatupwa ovyo. Inauma tu.

Ajabu ni kwamba majina yaliandikwa pale mkoloni alipotaka kitu. Kodi ilitaka jina la mwenye kibanda. Kipande, kilichoanza kutumika karibu 1920, kilitaka jina la mwanamume, alama za vidole na waajiri wake. Baadaye ugawaji wa mashamba ukataka jina la mwenye shamba. Ukiwa mwanamke, mara nyingi ulipita katikati ya nyavu hizo zote.

Basi nikarudi Kanja na lahajedwali. Kosa langu la kwanza lilikuwa la kitoto: nililifanya jina kuwa ufunguo wa kila mstari. Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba, kwa hiyo jina lile lile linarudi kila kizazi cha pili. Nilikuwa na watu watatu, kompyuta ikaona mmoja! Wazee ndio walionisaidia: hawakuniuliza mwaka wa kuzaliwa, waliniuliza alitahiriwa na rika gani. Nikaongeza safu ya rika, watu wakatengana.

Jioni nilimsomea nyanya orodha. Alisikiliza macho yamefumba, kisha akanikatiza. Huyo niliyekuwa nikimtafuta miezi yote hii, alisema, ni babu yake. Kaka yake nyumbani walimwita kwa jina jingine kabisa.

Akanitajia. Nimeliandika. Safu ya "alikofia" bado iko tupu.