Mti wa vifaa: Lugha moja, kompaila mbili, leseni mbili

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza, David Chisnall, alitoa programu mpya ya kufanya kazi ambayo programu nyingine ilikuwa ikiifanya tangu mwaka 2005. Programu ya awali ilikuwa nzima, ikitumika kila siku, na ikitolewa bure kwa yeyote aliyeihitaji. Kilichosababisha iandikwe nyingine ni leseni yake.

Programu zote mbili huitwa dtc. Ni kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi yanayosomwa na binadamu kuwa faili linalosomwa na mashine. Maandishi yenyewe hayatoi amri yoyote kwa kompyuta. Yanaeleza tu kompyuta imeundwa kwa vipuri gani na kila kipuri kiko wapi. Maelezo hayo huitwa mti wa vifaa.

Kisa cha kompaila hizi mbili ni kidogo, lakini kinaonyesha wazi namna leseni inavyoamua programu huria itafika wapi, nani ataitumia, na kazi gani italazimika kurudiwa.

Mti wa vifaa ni nini

Kompyuta ya kawaida ya mezani inapowashwa, mfumo wake wa uendeshaji huziuliza kadi zilizochomekwa kwenye ubao mkuu, na kila kadi hujibu kwa namba ya mtengenezaji wake na namba ya aina yake. Kwa njia hiyo mfumo hujua unashughulika na nini.

Vipuri vingi vilivyo ndani ya simu, ruta na mitambo midogo havina uwezo huo. Vimeunganishwa na prosesa katika anwani maalumu za kumbukumbu, na havijitambulishi. Mfumo wa uendeshaji usipoambiwa mapema kilipo kila kipuri, hauwezi kukiona. Ukiambiwa anwani isiyo sahihi, mashine yaweza kuganda kabla ya kuonyesha herufi hata moja kwenye kioo.

Mti wa vifaa ndio unaotoa taarifa hiyo. Shina lake ni ubao wenyewe. Matawi ni prosesa, kumbukumbu, njia za mawasiliano na vipuri vilivyounganishwa nazo. Kila tawi hubeba sifa zake, kama vile jina la aina ya kipuri, anwani yake, na kipuri kingine kinachokipatia umeme au mapigo ya saa.

Wazo hili lilitokana na Open Firmware, programu ya kuwashia mashine iliyoasisiwa na kampuni ya Sun Microsystems na kufanywa kiwango cha kimataifa, IEEE 1275, mwaka 1994. Kampuni za Apple na IBM nazo zilikitumia kiwango hicho katika mashine zao zenye prosesa za PowerPC.

Chimbuko la kompaila ya kwanza

Tatizo lilijitokeza pale Linux ilipotakiwa kuendesha mashine za PowerPC zisizo na Open Firmware. Mwaka 2005 waandaaji wa Linux, akiwamo Benjamin Herrenschmidt, waliweka utaratibu mpya: kila ubao ulete mti wake ukiwa umefungwa katika faili moja bapa, ambalo programu ya kuwashia italikabidhi kwa kiini cha Linux.

Kuliandika faili kama hilo kwa mkono, baiti kwa baiti, ni kazi isiyovumilika. Ndipo David Gibson, aliyekuwa mfanyakazi wa IBM nchini Australia, alipoandika dtc. Jon Loeliger wa kampuni ya Freescale aliungana naye katika kuitunza.

Kwa miaka kadhaa kompaila hiyo ilijulikana zaidi na watu wa PowerPC. Hali ilibadilika mwaka 2011, Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, alipolalamika hadharani kuhusu upande wa prosesa za ARM. Huko kila ubao mpya ulikuja na mafaili yake ya programu ndani ya kiini, na mafaili hayo yalikuwa yakiongezeka bila mpangilio. Dawa iliyokubaliwa ilikuwa kuyatoa maelezo ya ubao ndani ya programu na kuyaweka katika mti, ili kiini kimoja kiweze kuendesha mbao nyingi. Leo simu nyingi za Android, pamoja na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, hutumia faili la aina hiyo kila zinapowashwa.

Kompaila inafanya nini

Kwanza husoma maandishi na kuhakikisha yamefuata sarufi ya lugha. Kisha hujenga mti katika kumbukumbu, ikiunganisha mafaili yaliyorejelewa. Jambo hili ni muhimu, kwa kuwa mtengenezaji wa chipu huandika maelezo ya chipu mara moja, na mtengenezaji wa ubao huongeza au kubadilisha machache tu.

Hatua ya tatu ni marejeo. Tawi moja likitaja jingine kwa jina, kompaila hulipa lile lililotajwa namba ya pekee na kuiweka namba hiyo mahali pa jina. Hatimaye huandika faili lenyewe. Faili huanza kwa namba ya utambulisho ambayo waandaaji wa lugha ya Kiingereza waliichagua kwa utani, d00dfeed, likifuatiwa na sehemu za kumbukumbu zisizopaswa kuguswa, muundo wa mti, na orodha ya majina ya sifa, ambamo jina linalojirudia huhifadhiwa mara moja tu. Namba zote huandikwa kwa mpangilio mmoja bila kujali aina ya prosesa itakayozisoma.

Kompaila pia hutoa maonyo, kwa mfano anwani iliyo katika jina la tawi inapotofautiana na ile iliyo katika sifa zake. Hata hivyo, haiwezi kujua kama anwani yenyewe ni ya kweli. Jukumu hilo hubaki kwa mwandishi aliyeshika ubao mkononi.

Leseni zilipogawanyika

Programu huria si jambo geni kwa wasomaji wa Kiswahili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Hilo liliwezekana kwa sababu leseni iliruhusu programu ibadilishwe na kusambazwa upya. Hata hivyo, leseni za programu huria hazifanani.

Kompaila ya Gibson ilitolewa chini ya leseni ya GPL, toleo la 2 au la baadaye. Leseni hiyo humruhusu yeyote kuitumia, kuibadilisha na kuisambaza, lakini humtaka anayeisambaza atoe pia msimbo asilia, pamoja na mabadiliko yake, kwa masharti yaleyale. Leseni ya BSD haidai hivyo. Hutaka tu jina la mwenye hakimiliki na tamko la kutowajibika kwa hasara vibaki mahali pake. Anayechukua msimbo wa BSD anaweza kuufungia ndani ya bidhaa yake asiuonyeshe kwa mtu.

Mfumo wa FreeBSD umejengwa juu ya falsafa hiyo ya pili, na kampuni kama Juniper, inayotengeneza ruta, zimeutumia kuwa msingi wa bidhaa zao. Ulipoanza kutumia mti wa vifaa, FreeBSD ulihitaji kompaila ndani ya mfumo wenyewe ili uweze kujijenga bila kuazima zana za nje. Mwanzoni uliichukua dtc ya GPL. Lakini wakati huohuo watunzaji wake walikuwa katika juhudi za kuziondoa programu za GPL katika mfumo wa msingi, juhudi zilizoshika kasi baada ya GPL toleo la 3 kutolewa mwaka 2007 na kuongeza masharti kwa watengenezaji wa mashine.

Ndipo ilipoingia kompaila ya Chisnall, iliyoandikwa upya katika lugha ya C++ na kutolewa kwa leseni ya BSD. Kazi hiyo ilifanyika katika mradi wa utafiti wa SRI International na Chuo Kikuu cha Cambridge, kwa fedha za wakala wa utafiti wa wizara ya ulinzi ya Marekani, DARPA. Ilianza kutolewa pamoja na FreeBSD 10.0.

Maktaba iliyosafiri

Ndani ya mradi uleule wa Gibson kuna sehemu ambayo haikuhitaji kuandikwa upya. Ni libfdt, maktaba ya kusomea na kubadilishia faili lililokwisha kukompailiwa. Hiyo ina leseni mbili, na mtumiaji huchagua mwenyewe kati ya GPL na BSD.

Matokeo yake yanaonekana. Maktaba hiyo imo katika Linux na U-Boot, zilizo chini ya GPL. Imo pia katika FreeBSD na katika programu za kuwashia mashine zenye leseni za aina ya BSD, kama Trusted Firmware-A. Mradi ni mmoja na mwandishi ni mmoja, lakini sehemu yenye leseni mbili ilivuka mpaka ambao kompaila haikuuvuka.

Faili lililokompailiwa ni la nani?

Baadhi ya watengenezaji huhofu kwamba wakitumia kompaila ya GPL, mti wao nao utakuwa wa GPL. Hofu hiyo haina msingi. Leseni ya kompaila haitawali kile inachokizalisha, isipokuwa pale inaponakili sehemu ya msimbo wake ndani ya kazi hiyo, jambo ambalo dtc haifanyi.

Kinachotawala ni leseni ya maandishi yaliyoingizwa, na hapo tatizo ni halisi. Miti mingi iliandikwa ndani ya Linux chini ya GPL, ilhali maelezo ya ubao huhitajiwa na kila mfumo. Tangu miaka ya 2010 mafaili mengi yamepewa leseni mbili, lakini kwa yale ya zamani ilibidi kila aliyechangia aombwe ridhaa yake. Kadiri wachangiaji wanavyokuwa wengi, ndivyo kazi hiyo inavyozidi kuwa ngumu.

Gharama na faida

Kuwa na kompaila mbili kuna gharama. Kipengele kipya kikiongezwa katika lugha, ni lazima kiandikwe mara mbili, vinginevyo mti unaokubalika upande mmoja hukataliwa upande wa pili. Faida nayo ipo. Kompaila mbili zikitofautiana, huonyesha wazi mahali ambapo lugha haikufafanuliwa vya kutosha. Ufafanuzi rasmi wa mti wa vifaa usiofungamana na aina moja ya prosesa ulitolewa mwaka 2016, zaidi ya miaka 10 baada ya kompaila ya kwanza.

Kwa anayekusudia kuandika zana kama hii, jibu la leseni hutegemea lengo lake. Akitaka kila maboresho yanayosambazwa yarudi kwa umma, GPL humlinda. Akitaka muundo wake wa data usomwe na kila mfumo, leseni huru zaidi, au leseni mbili kwa hiari ya mtumiaji, huufikisha mbali. Uamuzi huo hugharimu sentensi moja siku ya kwanza. Ukiahirishwa hadi wachangiaji wawe mamia, huenda ikawa rahisi zaidi kuandika programu nyingine.