Somo la Redio: Kuijaribu Dawa kwa Haki

Leo katika historia tutauliza maswali mawili. Watu walijuaje kwamba dawa hii inaponya na ile haiponyi? Na ni nani waliotoa miili yao ili jambo hilo lijulikane? Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya: JARIBIO na RIDHAA.

Tuanzie Kariakoo, Dar es Salaam. Waingereza walipouteka mji huo kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, waliweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na ndimi zetu zikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Wapagazi wengi walikamatwa tu vijijini mwao. Waliouawa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Miili yao ilitumiwa, wala hawakuulizwa. Likumbukeni jambo hilo.

Siku hizi Kariakoo ni soko. Tuseme mtu ametokwa na vipele shingoni. Ananunua kopo la marhamu kwa mchuuzi, anapaka siku kumi, vipele vinatoweka. Anamwambia jirani yake, "Hii ndiyo dawa!" Je, ni marhamu iliyomponya? Pengine ndiyo. Pengine alibadili sabuni, au joto lilipungua, au vipele vilikwisha vyenyewe, maana maradhi mengi ya ngozi huja na kuondoka. Mtu mmoja hawezi kutupa jibu, kwa sababu hatujui angalikuwaje kama asingalipaka. Hapana budi kulinganisha.

Mwaka 1747 daktari wa merikebu ya Kiingereza, James Lind, alilinganisha. Alikuwa na mabaharia 12 wenye kiseyeye, ugonjwa unaovimbisha fizi na kutia ngozi madoa. Chakula chao kilikuwa kimoja, lakini aliwagawa wawili wawili, kila jozi na dawa yake. Wengine walipewa siki, wengine maji ya bahari, na wawili walipewa machungwa na malimau. Hao wawili walipata nafuu upesi kuliko wote. Mmoja alirudi kazini baada ya siku sita. Hilo ndilo jaribio. Hata hivyo, jeshi la maji la Uingereza halikuagiza mabaharia wake wapewe maji ya limau mpaka mwaka 1795.

Lakini jaribio laweza kuwa la akili na tena likawa la dhuluma. Tangu 1951 mpaka 1974, Daktari Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, aliwajaribia wafungwa wa gereza la Holmesburg, mjini Philadelphia. Wengi wao walikuwa watu weusi. Walipakwa migongoni dawa na sumu mbalimbali, hata dioxini, kwa malipo madogo, bila kuelezwa sawasawa hatari yake. Daktari huyo ndiye aliyevumbua dawa maarufu ya chunusi. Dawa ni nzuri. Wafungwa walibaki na makovu. Chuo cha udaktari kiliomba radhi mwaka 2021, na mji wa Philadelphia mwaka 2022.

Huko nyuma, mwaka 1964, madaktari wa mataifa mengi walikutana Helsinki, Ufini, wakaweka kanuni. Kubwa mojawapo ni ridhaa: mtu aelezwe faida na hatari, kisha akubali au akatae kwa hiari yake.

Sasa turudi nyumbani. Chuo cha Udaktari cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1963. Tangu 2007 ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Mwaka 2001 madaktari wake, pamoja na wenzao wa chuo cha Dartmouth, Marekani, walianza jaribio lililoitwa DarDar. Walitaka kujua kama chanjo mpya ingewakinga na kifua kikuu watu wenye virusi vya UKIMWI. Waliingia watu 2,013, kila mmoja akiwa na kovu la BCG, ile chanjo ya utotoni. Sindano ilitiwa ndani ya ngozi, mara tano. Nusu walipata chanjo, nusu sindano isiyo na chanjo. Kura ndiyo iliyoamua, wala mgonjwa na daktari wake hawakujua nani kapata ipi, ili matumaini yasipotoshe hesabu. Wale ambao kipimo cha ngozi kilionyesha wana vijidudu vya kifua kikuu walipewa vidonge vya kukinga.

Jaribio lilikwisha mwaka 2008. Waliothibitika kuugua kifua kikuu walikuwa 52 katika kundi lisilochanjwa, na 33 katika kundi lililochanjwa. Fanyeni hesabu: imepungua zaidi ya theluthi. Lakini kwa kifua kikuu kilichoenea mwilini, hesabu ilikuwa 13 kwa 7. Hizo ni chache mno kuamulia neno.

Basi chanjo ikatengenezwa upya kwa vijidudu vilevile, ikajaribiwa Dar es Salaam kwa vijana 667. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020: haikuwazuia kuambukizwa. Msidhani kazi hiyo ilipotea bure. Mchuuzi hutaja waliopona tu. Jaribio la haki hutaja wote.

Wapagazi wa Kariakoo hawakuulizwa. Ninyi mkiombwa siku moja kuingia katika jaribio, ulizeni: Ni la nini? Lina hatari gani? Naweza kujitoa? Kujua kusoma kutawafaa hapo, maana ridhaa huandikwa. Asiweke dole mtu kabla hajaelewa.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini jirani mmoja aliyepona si ushahidi wa kutosha?
2. Lind aliwapa mabaharia chakula kimoja. Kwa nini?
3. Taja tofauti mbili kati ya jaribio la Holmesburg na lile la Dar es Salaam.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.