Jinsi ya kuchagua kitabu cha kumsomea mtoto kabla ya kulala

Mtoto akianza kusema "endelea kidogo tu", vitabu vya picha havimtoshi tena. Sasa anataka hadithi ndefu, sura moja kila usiku.

Umri: Mtoto huelewa akisomewa hata yale asiyoweza kuyasoma mwenyewe. Wa darasa la pili anaweza kufuata kitabu cha darasa la nne.

Urefu: Sura ya dakika 10 hadi 15 inatosha. Kitabu cha Lewis Carroll, kilichotafsiriwa mwaka 1940 kwa jina Elisi katika Nchi ya Ajabu, kina sura 12 tu.

Lugha: Mzazi ajaribu ukurasa mmoja kwa sauti. Ulimi ukikwama kila mstari, mtoto atapotea.

Hofu: Sura ya leo isomwe kimya kwanza. Alfu Lela U Lela ina visa vitamu, lakini mauaji pia yamo. Hadithi za Abunuwasi ni fupi na zinachekesha.

Siku ya uchovu, nusu sura yatosha. Kitabu kikimchosha mtoto baada ya sura tatu, kiwekwe kando bila ugomvi. Hadithi ikigeuka kuwa somo la shule, ataacha kuiomba.