Akiba, Kuficha na Ulanguzi: Historia ya Uhaba wa Bidhaa za Nyumbani katika Kinondoni

Kiswahili hutofautisha kuweka akiba, kuficha na kulangua. Awekaye akiba husifiwa kwa busara yake. Afichaye hutiliwa shaka. Alanguaye alipata kupelekwa gerezani. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba katika historia ya Dar es Salaam, na hasa ya Kinondoni, mipaka baina ya maneno haya matatu iliwekwa mara nyingi na wenye mamlaka, na kwamba aliyebandikwa jina baya hakuwa daima yule mwenye ghala. Jambo hili latuhusu sisi watumishi wa Neno. Wakati wa maradhi na uhaba mimbari hutakiwa iwakemee walanguzi, nayo hukemea upesi kuliko inavyochunguza.

Mgao wa bidhaa haukuanza na Ujamaa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mnamo 1942 na 1943, chakula na nguo viliadimika mjini, nayo serikali ya Kiingereza ikaweka utaratibu wa kugawa. Stahili ya kila mtu ilipangwa kwa kufuata rangi. Mwenye asili ya Kihindi alihesabiwa kuwa mlaji wa mchele. Mwafrika alihesabiwa kuwa mlaji wa mahindi na muhogo, hata kama alikuwa Mswahili wa pwani ambaye wali ulikuwa chakula chake tangu kwa babu. Kadi ya mgao ilimfundisha mkazi wa mji mambo mawili: kwamba serikali ndiyo mwenye kuamua aliye mwenyeji na astahiliye kula, na kwamba mwenye duka ndiye adui aliye karibu. Mafundisho hayo mawili yalidumu kuliko vita yenyewe.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, biashara ya chakula na bidhaa iliingia hatua kwa hatua mikononi mwa mashirika ya umma. Shirika la Taifa la Usagishaji, ambalo wengi tulilijua kwa herufi za NMC, lilishika nafaka. Kampuni za biashara za mikoa, yaani RTC, zilishika sabuni, sukari, mafuta, nguo na vyombo. Mwaka 1973 ilitungwa sheria ya kudhibiti bei, ikaundwa Tume ya Bei, na baada ya miaka michache maelfu ya bidhaa yalikuwa na bei iliyopangwa ofisini. Ukame wa 1973 na 1974 ukaleta mahindi ya manjano kutoka ng'ambo. Watu wa Dar es Salaam, ambao hawakosi utani hata wenye njaa, waliuita unga wake unga wa Yanga, kwa rangi ya jezi za klabu ile. Mwaka 1976 ikafuata Operesheni Maduka, ambayo ilikusudia kufunga maduka ya watu binafsi na kuweka ya vijiji na ya ushirika mahali pake. Maduka mengi yalifungwa kabla ya yale mengine kuwa tayari, serikali ikalazimika kurudi nyuma.

Katika hali hiyo ndipo gonjwa la dunia lilipobisha hodi. Kipindupindu cha mkupuo wa saba, kilichoanza Indonesia mwaka 1961, kilikuwa kimekwisha kuonekana nchini mwaka 1974. Lakini mlipuko mkubwa ulianza mwishoni mwa 1977 katika bonde la Rufiji, ukaenea. Kinga yake inajulikana na kila mtoto wa shule: maji safi, choo, sabuni. Lakini miaka iliyofuata ndiyo ambayo sabuni ilitoweka madukani. Wizara iliwahimiza watu kunawa kwa sabuni, na mashirika ya serikali ileile hayakuwa nayo ya kuwauzia. Wazee wa sharika zetu husimulia hadi leo jinsi nguo zilivyofuliwa kwa majani ya mpapai.

Katika mlipuko huo liko jambo lingine ambalo halina budi kutajwa, kwa kuwa linahusu ugawaji. Dawa ya tetrasaiklini ilitolewa kwa wingi sana, kwa wagonjwa na kwa wasio wagonjwa, ili kuwakinga. Madaktari wa Muhimbili, miongoni mwao Fred Mhalu, walieleza mwaka 1979 katika jarida la Lancet yaliyofuata. Mwanzoni mwa mlipuko vimelea vyote vilivyopimwa viliweza kuuawa kwa dawa ile. Baada ya miezi mitano, asilimia 76 vilikuwa sugu. Tumezoea kudhani kwamba kosa la nyakati za hofu ni kunyima. Hapa dawa ilitolewa bila kipimo, kwa nia njema, ikapungukiwa nguvu kwa yule aliyeihitaji kweli.

Kisha ikaja vita. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Kampala ilitekwa Aprili 1979. Gharama za vita, kupanda kwa bei ya mafuta ya petroli mwaka huohuo, na kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 vilikausha fedha za kigeni. Viwanda vilikosa malighafi na vipuri. Kuanzia 1980 bei zilipanda kwa karibu asilimia 30 kila mwaka, wala mishahara haikufuata.

Ni vema msomaji kijana aelewe jinsi uhaba ule ulivyofanya kazi, kwa sababu haukuwa uhaba wa vitu tu. Mche wa sabuni ulikuwa na bei mbili: ya serikali, ambayo ilikuwa ndogo, na ya mtaani, ambayo ilikuwa mara kadhaa ya hiyo. Tofauti baina ya bei hizo ilikuwa faida ya yeyote aliyeweza kuupata mche huo kwa bei ya kwanza. Si mwenye duka wa Magomeni aliyekuwa wa kwanza kuweza hivyo. Wa kwanza alikuwa mwenye kuandika kibali. Wa pili, mtunza ghala. Wa tatu, dereva wa lori. Wa nne, jamaa za hao wote. Sabuni ilipofika kwenye duka la ushirika ilikuwa imekwisha kupunguzwa njiani. Mkazi wa Mwananyamala au Tandale alisimama foleni tangu alfajiri, na mara nyingi jiwe au tofali lilimshikia nafasi akaenda kutafuta maji. Majina ya kaya yalijulikana kwa balozi wa nyumba kumi, ambaye kwa hiyo alipata uwezo ambao Azimio halikumkusudia: aliyekosana na balozi alikosa sukari.

Je, watu waliishije? Waliishi kwa kuvunja sheria ndogondogo, nami nalisema bila kuwahukumu. Karani mwenye mshahara alifuga kuku nyuma ya nyumba. Mkewe alichoma maandazi au kuuza mkaa, na mara nyingi biashara ya mama ndiyo iliyolisha nyumba kuliko mshahara wa baba. Waliopata viwanja huko Mbezi na Bunju walilima muhogo. Na kila aliyekuwa na ndugu bara alitazamia kifurushi. Lakini kifurushi nacho kilikuwa na sheria yake: hadi mwaka 1984 mtu hakuruhusiwa kusafirisha nafaka zaidi ya kilo 30 pasipo kibali. Gunia la mahindi lina kilo 90 au 100. Ndiyo kusema, mjomba wa Iringa aliyetaka kumpelekea mpwa wake gunia moja, na kulipakia kwenye lori la kwenda Dar es Salaam, alikuwa mkosaji kwenye kizuizi cha kwanza cha barabara. Sheria haikuwa na neno la kumtenganisha mjomba huyo na tajiri mwenye magunia mia tano. Wote wawili ilikuwa magendo.

Februari 1983 Edward Sokoine alirudi katika uwaziri mkuu, na mwishoni mwa Machi ikaanza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Zaidi ya watu 1,000 walikamatwa. Sheria maalumu ilitungwa mwaka huohuo, ikaunda mahakama ya pekee ambamo mtuhumiwa hakuwa na wakili wala dhamana. Kwa majuma machache mji ulishuhudia mambo ya ajabu: marobota ya khanga, katoni za sabuni na magunia ya sukari yalitupwa usiku barabarani na vichakani na watu waliohofia kupekuliwa. Wananchi walishangilia, na haifai tukiandika leo tujifanye hatuelewi shangwe hiyo. Mama aliyefua kwa majani ya mpapai kwa miaka mitatu alipoiona sabuni imetupwa mtaroni, alijua kwamba alikuwa hakudanganywa na hisia zake: vitu vilikuwapo. Heshima ya Sokoine miongoni mwa watu wa kawaida ina mizizi hapo, na kifo chake katika ajali ya gari karibu na Morogoro tarehe 12 Aprili 1984 kililiwa kwa machozi ya kweli.

Hata hivyo mwanahistoria hana budi kuuliza swali la pili: baada ya majuma hayo, duka lilikuwa na nini? Lilikuwa tupu kuliko kabla. Wafanyabiashara waliobaki waliogopa kununua shehena, kwa kuwa shehena yenyewe ilikuwa ushahidi. Aliyekuwa na katoni kumi hakujua kama ni mwenye duka au mhujumu. Msako ulifichua kilichofichwa, ila haukuwa na uwezo wa kuleta kilichokuwa hakijatengenezwa. Aidha, uliwapata kwa urahisi wenye bidhaa mkononi. Wenye kalamu za kuandikia vibali walikuwa vigumu kupatikana, maana kibali hakijai ghalani.

Serikali yenyewe ilitambua hivyo mapema kuliko tunavyodhani. Sheria ile ya 1983 ilibadilishwa mwaka 1984 na makosa yakarudishwa katika utaratibu wa Mahakama Kuu. Bajeti ya Juni 1984 iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walikozipata, na ruzuku ya unga wa sembe ikaondolewa. Kiwango cha nafaka kilichoruhusiwa kusafirishwa bila kibali kilipandishwa kutoka kilo 30 hadi 500. Mwaka 1987 kizuizi kiliondolewa kabisa. Manzese, ambayo kabla ya kuundwa kwa wilaya ya Ubungo ilikuwa sehemu ya Kinondoni, pamoja na jirani yake Tandale, zilikuwa mahali ambapo nafaka za magendo zilishushwa. Katika miaka hiyohiyo pakawa soko kubwa la nafaka la jiji. Watu ni walewale na magunia ni yaleyale. Kilichobadilika ni jina: walanguzi wakaitwa wafanyabiashara.

Sisemi haya kuusifu ulanguzi, wala kusema kwamba soko huria lilimfuta machozi kila mtu; sembe lilipoondolewa ruzuku wapo waliopunguza mlo. Martin Luther, ambaye wanafunzi wetu humtaja zaidi kwa habari ya kuhesabiwa haki, aliandika mwaka 1524 juu ya biashara na riba, na aliwashambulia bila huruma wanunuao bidhaa yote sokoni ili wapandishe bei. Miaka mitatu baadaye, tauni ilipoingia Wittenberg na chuo kikahamishiwa Jena, yeye na Bugenhagen walibaki mjini, akaandika kumjibu Johann Hess wa Breslau kama Mkristo aweza kukimbia. Katika Katekisimo Ndogo ya 1529, anapofafanua ombi la mkate wa kila siku, anahesabu ndani yake serikali njema na majirani waaminifu. Sehemu hii hukaririwa na kila anayejiandaa kwa Kipaimara, na ni nadra kuifafanua kwa habari ya foleni. Mkate, kwa hesabu ya Luther, huadimika pia pale mtu anapokuwa hamwamini jirani yake wala aandikaye kibali.

Nije sasa kwenye miaka ya karibu. Agosti 2015 kipindupindu kilianza tena, safari hii katika Kinondoni yenyewe, na hadi Aprili 2016 wagonjwa nchini, Zanzibar ikiwamo, walikuwa wamezidi 24,000. Sabuni ilikuwapo katika kila duka; kilichopungua ni maji safi, ambayo wengi waliyanunua kwa ndoo. Miaka minne baadaye, Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa. Shule zilifungwa. Masoko na nyumba za ibada havikufungwa, kwa kuwa Rais John Magufuli alikataa kuwafungia watu ndani. Takwimu za mwisho kutolewa mwaka huo zilitaja wagonjwa 509.

Kinondoni ni wilaya ya jikoni mbili. Osterbei na Masaki ziko nyumba zenye stoo na friji, ambamo mwezi mzima waweza kuhifadhiwa. Tandale na Mwananyamala hununuliwa kwa kipimo: sukari robo, unga nusu, mafuta ya kupima kwenye chupa ndogo, mkaa wa kopo. Habari za Ulaya na Marekani zilionyesha rafu tupu za karatasi za chooni. Kwa watu wa kipimo hofu ya namna hiyo haiwezekani. Anayeishi kwa kibarua cha siku hana fedha za kuficha kitu. Kwao uhaba ulikuja kwa njia ya bei. Barakoa na vitakasa mikono vilipanda kwanza, kisha malimao na tangawizi watu walipohimizwa kujifukiza, kisha sukari. Habari ya sukari inahitaji uangalifu. Viwanda vyetu husimama wakati wa masika kwa sababu miwa haivuniki mashambani yakiwa tope, na pengo hilo huzibwa kwa sukari ya kuagizwa kwa kibali. Mwaka 2020 masika, korona na Ramadhani vilikutana, serikali ikatangaza bei elekezi, na wenye maduka wadogo wakaonywa na kukaguliwa. Mwanzoni mwa 2024 sukari iliadimika tena, baada ya mvua kubwa, bila gonjwa lolote, na bei elekezi ikatangazwa tena.

Kilichomvusha mtu wa kipimo mwaka 2020 ni daftari la mangi, yaani lile daftari la madeni lililoko chini ya meza ya duka la mtaani. Mwenye duka aliyekaguliwa kwa kuuza sukari juu ya bei elekezi ndiye huyohuyo aliyewakopesha unga wapishi wa hoteli waliopoteza kazi wageni walipoacha kuja. Mwanafunzi wa historia ya Kanisa atakayetaka kuandika tasnifu juu ya jambo hili aanze na madaftari hayo kabla hayajachanwa kuwashia moto, kisha aende kwa waliokuwa mabalozi wa nyumba kumi miaka ya 1980. Baadhi yao wangali hai, na wanayakumbuka majina ya waliokosa sukari.