Ndege Iliyozamishwa Ili Iseme

Mei 2, 1952, jeti aina ya Comet ya BOAC, shirika la ndege la Uingereza, iliondoka London kwenda Johannesburg, ikitua njiani Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Kabla ya siku hiyo hakuna abiria aliyewahi kulipa nauli akapanda jeti. Ubavuni iliandikwa G-ALYP.

Januari 10, 1954, G-ALYP hiyohiyo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia. Walikufa watu 35. Comet zikazuiwa, zikarekebishwa, zikarudishwa kazini Machi 23. Aprili 8 nyingine ikaanguka baharini karibu na Naples, na 21 wakafa.

Uchunguzi ukaangukia kwa Arnold Hall na wenzake wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, Uingereza. Waliitwaa Comet nzima, G-ALYU, wakauzamisha mwili wake katika tangi, mabawa yakichomoza nje. Maji yakasukumwa ndani, yakaachiwa, yakasukumwa tena, kuigiza ndege inavyovimba kidogo ikipaa na kunywea ikitua. Kwa nini maji? Hewa iliyobanwa ingeilipua kama bomu na kuharibu ushahidi. Maji hayabanwi hivyo. Ufa ukitokea, nguvu huisha papo hapo.

Juni bati likapasuka. Ndege ilikuwa imeruka mara 1,221, ikaongezewa mizunguko 1,836 tangini. Metali ilikuwa imechoka. Mafundi wa gereji hawatashangaa: ekseli hubeba mizigo miaka na miaka, ikakatika siku gari liko tupu.

Ajabu ni kwamba de Havilland, waundaji wa Comet, walishajaribu kiwandani kipande cha mwili wa ndege hiyo, kikastahimili mizunguko kama 18,000. Kumbe kipande kile kilikuwa kimekwisha kupimwa kwa shinikizo kubwa mno, na mvutano ule ukazikaza kingo za matundu. Kipimo kikali ndicho kilichowadanganya! Ndege za abiria hazikupata bahati hiyo.

Hadi leo watu hulaumu madirisha ya mraba ya abiria. Mabaki ya G-ALYP yaliyoopolewa baharini yalionyesha kwingine: ufa ulianzia paani, penye uwazi uliokatwa kwa ajili ya antena.

Somo hilo halikupotea: mwaka 1960 East African Airways ilianza kurusha Comet 4, yenye bati nene zaidi, kati ya Nairobi na London.