Padre Tompkins na Wavuvi wa Canso

Juma hili tutazame mji mdogo wa Canso, ulio pwani ya Nova Scotia, mashariki mwa Kanada. Mwaka 1922 Padre James Tompkins aliondolewa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Fransisko Ksaveri, mjini Antigonish, kwa kutetea muungano wa vyuo ambao askofu wake aliupinga, akapelekwa Canso kuwa paroko. Adhabu hiyo, kwa maoni yetu, iliwafaa wavuvi. Aliwakuta mafukara: bei ya samaki ilipangwa na wanunuzi, na meli za mvuke zilikomba bahari. Akawagawia vijitabu na kuwasumbua kwa maswali.

Tarehe 1 Julai 1927, Kanada ikiadhimisha miaka 60 ya shirikisho lake, wavuvi hao walikutana wakauliza: sisi tushangilie nini? Mwaka huohuo serikali iliunda tume ya uchunguzi. Mwaka 1928 chuo kilekile kilichomwondoa kikaanzisha idara ya elimu kwa wananchi, chini ya binamu yake, Padre Moses Coady. Zikafuata duru za kujisomea, ushirika, na vyama vya akiba na mikopo. Taasisi yenye jina la Coady, iliyoanzishwa Antigonish mwaka 1959, imewafundisha hata watu wa Afrika Mashariki.