Wimbi la Bandari na Foleni ya Malaba

Neno tsunami ni la Kijapani, na limeundwa kwa maneno mawili ya kila siku: tsu, yaani bandari, na nami, yaani wimbi. Wimbi la bandari. Mvuvi aliye mbali kwenye kina halioni, kwa sababu huko hupita chini ya chombo chake bila hata kumtikisa. Hukuta kazi yake tu anaporudi nyumbani.

Malaba, mji wa mpakani mwa Kenya na Uganda, haina bahari wala ziwa. Iko zaidi ya kilomita 900 kutoka Mombasa kwa barabara, na jirani yake Busia imekaa kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo, simama kando ya foleni ya malori pale Malaba, utazame makontena yaliyoteremshwa juzi kwenye bandari ya Kilindini, Mombasa, sasa yanangoja kuvuka kwenda Tororo, Kampala, Kigali na Juba. Mtu anayekula kwa jasho la foleni hiyo, awe wakala wa forodha, turniboi, mama wa chapati au mbadilisha fedha mwenye kibunda mkononi, hahitaji kufafanuliwa kwa nini wimbi la bandari linamhusu.

Neno hilo lilifika mpakani siku ya Jumapili. Tarehe 26 Desemba 2004, karibu saa kumi alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki, watu wakiwa bado wamelala uchovu wa Krismasi, sakafu ya bahari magharibi mwa kisiwa cha Sumatra ilipasuka. Ufa ulienda mbali, takribani kilomita 1,300, na ukubwa wa tetemeko ukaja kukadiriwa kuwa 9.1. Maji yaliyosukumwa juu yakashika njia pande zote, na yaliyoelekea Afrika yalikuja kwa mwendo wa ndege ya abiria.

Kutoka Sumatra hadi pwani ya Kenya ni kama kilomita 6,000. Hata kwa mbio hizo, mawimbi yalihitaji saa nane na zaidi. Ni muda mrefu huo. Basi linalotoka Malaba alfajiri huwa limekwisha kuwashusha abiria wake Nairobi. Tatizo ni kwamba muda ulikuwepo, mpiga mbiu hakuwepo. Kituo cha onyo la tsunami kilichoko Hawaii, ambacho kazi yake ilikuwa kuilinda Pasifiki, kilitoa taarifa ya kwanza dakika 15 hivi baada ya tetemeko. Kikalikadiria kuwa la ukubwa wa 8.0, kikazitoa hofu nchi za Pasifiki. Bahari ya Hindi haikuwa na kituo chake. Baadaye wataalamu wa Hawaii ilibidi wapitie Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ili balozi zake za Madagascar na Mauritius zipewe habari. Bahari nzima ililindwa kwa simu za mabalozi!

Iliyoisaidia Kenya ni taarifa ya habari. Kabla ya adhuhuri, mambo ya Sri Lanka na Thailand yalikuwa yamejaa kwenye televisheni na redio za dunia, na polisi wa Mombasa wakaanza kuwaondoa watu ufuoni, siku ambayo familia nzima nzima hushuka kuogelea. Kulikuwa na bahati nyingine ambayo mzee yeyote wa pwani angeieleza bila kompyuta. Siku ile mwezi ulikuwa mpevu, maji ya bamvua, na mawimbi yalifika kabla bahari haijajaa. Laiti yangekuja saa chache baadaye, yangepanda juu ya maji yaliyokwisha kupanda. Kenya ilipoteza mtu mmoja, aliyezama Watamu. Tanzania ilipoteza zaidi ya 10, wengi wakiwa waogeleaji. Somalia, ambako mawimbi yaliipiga rasi ya Hafun bila kizuizi, ilizika watu wapatao 300. Jumla ya waliokufa katika nchi zote ilikaribia 230,000.

Wengi walidhani jambo hili ni geni kabisa katika upande huu wa bahari. Mchanga wa Pangani unasema vingine. Mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na Vittorio Maselli walichapisha matokeo ya uchimbaji wao karibu na mji huo wa pwani ya Tanzania. Walikuta tabaka la mchanga lililomwagwa na tsunami yapata miaka 1,000 iliyopita, na ndani yake mifupa ya watu waliokumbwa na maji hayo. Walikuwa wavuvi na wakulima, na hakuna aliyebaki na simulizi yao.

Turudi mpakani. Kuna jambo kuhusu Desemba ambalo watu wa magharibi mwa Kenya hulijua bila kuambiwa. Watoto wao walioajiriwa Mombasa, makuli wa bandarini, walinzi, mafundi wa Changamwe na walimu wa Kisauni, hurudi nyumbani Krismasi. Wiki nzima mabasi ya kutoka pwani huja yamefurika, magunia ya nazi yamefungwa juu. Kwa hiyo habari za mawimbi ziliposomwa kwenye Idhaa ya Taifa ya KBC na kwenye Idhaa ya Kiswahili ya BBC, katika boma nyingi za Teso, Nambale na Samia yule ambaye angehofiwa alikuwa ameketi pale pale kwenye mkeka, akila kuku. Ilikuwa hofu ya kusikia, ya kutikisa kichwa na kuuliza maji yanawezaje kupanda mnazi.

Ardhi kutikisika, hilo watu wa mpakani wanalijua. Lina hata majina ya kutosha. Kitabuni ni tetemeko la ardhi. Mzee wa pwani aliyesoma chuoni atasema zilizala. Ng'ambo ya pili, kwa Waganda, ni musisi, na Musisi huyo alikuwa mzimu mkubwa katika imani za Buganda, mwenye mamlaka ya kuitikisa nchi. Hadi leo ni jina la mtu. Ukizunguka soko la Busia upande wa Uganda utampata Musisi mmoja au wawili, na hakuna atakayeshtuka. Tsunami ilikuja bila ukoo. Ndiyo maana wanasiasa waliiteka upesi kwenye majukwaa yao, kila mmoja akidai chama chake ndicho tsunami. Ilikuwa rahisi kulichezea neno ambalo hakuna jirani aliyelizikia mtu.

Mwaka haujatimia, ardhi ikatoa mtihani wa karibu zaidi. Tarehe 5 Desemba 2005, saa tisa na dakika 19 alasiri, tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilizuka eneo la Ziwa Tanganyika, likabomoa nyumba Kalemie, upande wa Kongo, na kusikika mbali sana. Nairobi watu walishuka mbio ngazi za maghorofa na kujazana barabarani. Julai 2007 walishuka tena, safari hii kwa mitetemo ya eneo la Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania. Kwa mtu wa Busia aliyezoea nyumba ya chini yenye mlango mmoja unaofunguka uani, mbio za ngazi zilikuwa kichekesho cha ndugu wa mjini. Yeye huhitaji hatua tano tu kuwa nje.

Kisha ikaja Aprili 2012, na kicheko kikaisha.

Pasaka ya mwaka ule iliangukia tarehe 8. Waliokuja nyumbani kwa sikukuu walikuwa wamekwisha panda mabasi kurudi kazini Mombasa. Jumatano, tarehe 11, saa tano na dakika 38 asubuhi, bahari ya Sumatra ikatikisika kwa ukubwa wa 8.6, na saa mbili baadaye ikarudia kwa 8.2. Mara hii onyo lilitolewa kwa Bahari ya Hindi yote. Baada ya 2004 nchi za ukanda huu, chini ya tume ya bahari ya UNESCO, zilikuwa zimeanza kujenga mtandao wao wa onyo, na tangu Oktoba 2011 Australia, India na Indonesia zilikuwa zikitoa taarifa zenyewe. Nchini Kenya kazi ya kupokea na kutangaza ni ya Idara ya Hali ya Hewa. Watu wakaambiwa wakae mbali na ufuo, na fukwe za Mombasa zikabaki tupu mchana kweupe.

Mwaka 2004 simu ya mkononi ilikuwa bado kitu cha wachache vijijini, na M-Pesa ilikuwa haijazaliwa. Kufikia 2012 bibi wa Amagoro alikuwa na kasimu kake ka tochi, na namba ya mjukuu wake aliyeko Likoni imehifadhiwa. Njia ya habari ikageuka. Kwa kawaida anayepiga ni wa mjini, kuulizia mvua na ng'ombe. Siku kama ile anayepiga ni wa kijijini, na ana amri moja: toka huko, panda juu. Apande wapi Mombasa? Kisiwani hakuna mlima, na Likoni ng'ambo ya kivuko hakuna pia. Lakini kwa mtu ambaye jirani yake ni mawe makubwa ya Amukura na kaskazini yake ni Mlima Elgon, kukimbia maji maana yake ni kupanda.

Wimbi la kutisha halikuja. Onyo lilifutwa kabla jua halijatua, na sababu yake ni rahisi kuonyeshwa kwa karai la maji. Liweke karai mezani, ulibetue kwa kidole kutoka chini: maji yanaruka na kumwagika. Sasa liache limetulia, kisha zungusha ukingo wake taratibu kushoto na kulia: maji yanachezacheza tu. Mwaka 2004 sakafu ya bahari ilibetuka kwenda juu. Mwaka 2012 pande mbili za mwamba zilisuguana kwa ubavu, mojawapo ya matetemeko makubwa kuliko yote ya aina hiyo kuwahi kupimwa, na bahari haikusukumwa kwenda juu kiasi cha kutisha. Wapo waliosema serikali iliwasumbua bure. Wasemaji hao hawakuwa na mtu Likoni.

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016 swali lilihamia ziwani. Saa tisa na dakika 27 alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera, Tanzania, likaua watu wasiopungua 16, wengi wao Bukoba, na kubomoa maelfu ya nyumba. Lilisikika Kampala, Kisumu na kwingineko magharibi mwa Kenya. Bukoba iko ukingoni mwa Ziwa Viktoria, na Port Victoria na Sio Port ziko ukingo wa pili wa ziwa lile lile. Je, ziwa nalo linaweza kurusha tsunami? Kwa siku ile jibu lilikuwa la: kitovu kilikuwa nchi kavu, kilomita 40 chini ya ardhi, na ziwa lenyewe ni sinia pana, kina chake kwa wastani ni mita 40 tu. Swali lenyewe, hata hivyo, halikuwa la kijinga. Mtu anayelala mita chache kutoka majini ana haki ya kuuliza.

Miaka minne baadaye ziwa lilijibu kwa namna yake. Mei 2020, madereva wa malori wakiwa wamekwama Malaba kwa siku kadhaa wakingoja majibu ya vipimo vya korona, Ziwa Viktoria lilipimwa Jinja na kukutwa kwenye mita 13.42, sentimita moja juu ya rekodi ya 1964. Maji yalipanda polepole, yakameza vibanda vya samaki, vyoo na mashamba ya ufuoni, huku Mto Nzoia ukivunja kingo zake Bunyala na watu wa Budalangi wakihamia kambini kama walivyohama 2007 na 2008. Miezi mitatu baadaye, usiku wa tarehe 12 Agosti, tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lilitokea chini ya bahari, upande wa kisiwa cha Mafia, Tanzania. Lilisikika Dar es Salaam, Mombasa na hadi Nairobi. Ilikuwa saa mbili na dakika 13, na Kenya ilikuwa na kafyu ya kuanzia saa tatu. Mitandao ikajaa swali la tsunami kwa muda, ingawa ukubwa huo ni mdogo kwa wimbi la maafa. Budalangi, wakati huo huo, wapo waliokuwa bado kwenye mahema, na hakuna aliyewauliza kuhusu wimbi lolote.

Mtu anaweza kusema bahari ina kengele na mto hauna, lakini hilo nalo si kweli kamili. Idara ile ile ya Hali ya Hewa inayopokea taarifa za tsunami ndiyo iliyosaidia kuanzisha Bulala FM huko Budalangi, redio ndogo ya jamii yenye kazi ya kuwapasha wenyeji habari za mvua na mafuriko kwa lugha yao. Juu ya mto, pale Rwambwa, kuna kipimo cha kina cha maji. Mvua ikinyesha Cherangani na Elgon, maji huchukua muda kabla ya kufika tambarare ya Bunyala, na muda huo ndio redio inaoutumia: nambari za Rwambwa zinasomwa hewani, na akina mama wanaanza kuwafungua mbuzi.